Kanda za Bi Kibibi

"Taarabu gani, Mwanatumu? Nani aliyekwambia hizi ni taarabu?"

"Zimeandikwa! Au na macho nayo yamekuisha? Kila moja ina karatasi juu yake, Taarabu za Harusi, kwa mwandiko wa wifi yangu mwenyewe, Mungu amrehemu."

"Na wewe ukazitoa matumbo ukafukuzie ndege!"

"Ndege si wamekimbia? Basi zimefanya kazi."

Nilikuwa nimesimama mlangoni kwake, mkono mmoja umeshika leso isinidondoke, wa pili umeshika bonge la utepe mweusi niliong'oa asubuhi ile katika shamba lake la mpunga kule bondeni. Msambweni kila mtu anajua: mpunga ukianza kushika maziwa, ndege huja makundi makundi, na dawa yao ni utepe wa kanda kuukuu. Unauvuta kutoka kijiti hiki hadi kile, upepo ukipita unang'aa na kuvuma, ndege hawatui. Siku hizi kila mtu ana nyimbo zake kwenye simu, kanda za zamani hazina kazi nyingine. Mimi mwenyewe nimewahi kuzitumia hivyo. Lakini si hizi.

Mke wa Abubakar alikuwa ameshatua ndoo yake ya maji ili asikie vizuri. Tuktuk iliyokuwa ikipita ilizima mashine. Mtaa wetu ndivyo ulivyo, wala siwalaumu. Ningekuwa mimi ningeleta na kigoda.

"Nisikilize, Mwanasha," akasema Mwanatumu, sasa kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto. "Wifi yangu yuko kaburini. Arobaini yake ilipokwisha vyombo vikagawanywa, mimi nikapewa kile kisanduku. Nikatazama, kanda tupu. Nimwache marehemu na sanduku zima la muziki duniani? Kila atakayewasha, dhambi za nani? Nimempunguzia mzigo, na mpunga wangu umepona. Kosa langu liko wapi?"

"Hukusikiliza hata moja?"

"Nilitia moja kwenye redio. Nikasikia udi, nikasikia dumbaki, mwanamke analilia mapenzi. Nikazima nikaomba toba. Ulitaka nisikilize mpaka mwisho nicheze na chakacha?"

Watu wakacheka. Hata mimi nusura kicheko kinitoke, na hilo ndilo lililonizidishia hasira.

"Ungengoja wimbo mmoja tu uishe," nikamwambia, "ungemsikia Kibibi."

"Kibibi gani?"

"Wifi yako! Kibibi mwenyewe, anasomesha. Hayo yalikuwa masomo yake, Mwanatumu. Wimbo ulikuwa kifuniko tu."

Alinitazama. Akautazama ule utepe mkononi mwangu. Kisha akaingia ndani akafunga mlango polepole, na Mwanatumu tangu nimjue ni mtu wa kubamiza.

Haya, sasa nieleze, maana hata mke wa Abubakar aliondoka na ndoo yake bila kuelewa.

Zamani hizo Kibibi alikuwa ndiye mwanamke pekee mtaani kwetu aliyemaliza sekondari. Alikuwa akisomesha shule ya msingi, na mumewe aliyekuwa kazini Arabuni alimletea redio kaseti kubwa, ile ya kurekodia. Sisi wengine tulikuwa tumetolewa shule mapema. Mimi niliachia darasa la pili. Shule yangu iliyobaki ni stendi ya Ukunda, nikiuza mabuyu na achari, na kule nilifunzwa mengi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Sasa mtu mzima alikuwa anaruhusiwa kufanya mtihani wa kumaliza msingi, na ukiupata mlango unafunguka: unaweza kwenda kusomea ualimu wa chekechea, au uuguzi, au ukarani. Lakini utasomea nini? Vitabu havikuwapo. Na hata vingekuwapo, kutoka ndio kazi. Huyu yuko eda, huyu bi harusi, huyu mumewe hataki. Mkali kuwashinda wote alikuwa Matano, kaka yake Kibibi mwenyewe, na ndiye aliyekuwa mumewe Mwanatumu. Alikuwa akisema barazani, tena kwa sauti, kwamba mwanamke mzima kukaa darasani ni kichekesho cha mji.

Kibibi hakubishana naye. Alinunua kanda. Akawa anajifungia chumbani kwake, anarekodi wimbo mmoja wa taarabu mwanzoni, kisha anaanza somo: hesabu, Kiswahili, Kiingereza, afya ya mama na mtoto. Juu yake anaandika Taarabu za Harusi. Mwanamume akiingia ghafla, kidole kinabonyeza, kanda inarudi nyuma, wimbo unaanza. Nani atashangaa kuona wanawake wanasikiliza taarabu?

Mpelekaji wa kanda, kutoka kwa Kibibi hadi kwa wasioweza kutoka, nilikuwa mimi. Muuza mabuyu huingia kila nyumba bila kuulizwa. Kanda chini, mabuyu juu, kikapu kichwani, naanza kupiga kelele zangu kuanzia huko mbali. Katika maisha yangu siri niliyoitunza ni hiyo moja. Nyingine zote mnazijua.

Na nyumba ya kusikilizia pamoja, kwa waliopata mwanya wa kutoka, ilikuwa hii yangu, kwa kuwa mume wangu Tofiki alikuwa mlinzi wa hoteli Diani, mchana hayupo. Ah, alasiri zile! Wanawake wanaingia mmoja mmoja na ukili wao wa kusuka, mabuibui yanarundikwa kitandani, kaimati ziko moto, mtoto huyu analia, yule analala mapajani mwa asiye mamake. Betri zikichoka tunazianika juu ya bati zipigwe na jua, zinapata nguvu ya kumaliza somo. Utepe ukikwama tunauzungusha kwa kalamu. Jambo moja tu lilikuwa likituudhi. Kibibi alinipa sharti: redio yangu ikae kwenye dirisha la upande wa ua, na sauti ifunguliwe mpaka mwisho. Betri zilikuwa zikiliwa kama njugu. Nikamwambia, "Kibibi, sisi si viziwi." Akanijibu, "Fanya ninavyokwambia, Mwanasha." Basi nikafanya. Nilidhani anataka tusikie vizuri, kwa makelele tuliyokuwa nayo. Maana tulikuwa tunaijibu redio! Kibibi anasema, "Tuna robo, tuongeze nusu," Twaiba anamkatiza, "Robo ya nini, mwalimu? Ya nyama?" na chumba kizima kinaanguka kwa kicheko.

Huyo Twaiba mwenye utani ndiye aliyekuja kuwa muuguzi, na mpaka anastaafu amezalisha wanawake kutoka hapa hadi Majoreni. Muhsina, aliyekuwa bi harusi mwenye haya hata jina lake kulitaja hawezi, ana chekechea yake na watoto wanamwogopa. Mimi mtihani ulinishinda, lakini kwa hesabu za Kibibi niliingia jikoni za hoteli za Diani na mboga zangu na pweza wangu, na hakuna mpishi aliyenichezea.

Yote hayo yangekuwa ya kukumbushana tu misibani, kama si Hafswa.

Hafswa ni mjukuu wa Kibibi. Yuko mapokezi katika hoteli moja Diani, mtoto mzuri, maneno yake ya taratibu, na siku zake za mapumziko anasomea shahada ya pili chuo kikuu, masomo ya wanawake. Amekaa mapokezi miaka, kila nafasi ya juu ikipatikana inapewa kijana ambaye yeye Hafswa ndiye aliyemfundisha kazi. Shahada hii ndiyo njia yake ya kutoka, anataka akasomeshe chuoni. Akachagua kuandika jinsi wanawake wa huku kwetu walivyojitafutia elimu na kazi. Akaingia maktaba, akaingia mtandaoni, akaulizia kila anayemjua. Akapata vitabu vya wanawake wa bara, vya Waarabu, vya Wazungu hata usiseme. Vya kwetu akakuta vinaeleza harusi, pepo na leso. Mwanamke wa Kwale aliyekaa akasoma akaajiriwa, hata ukurasa.

Alikuja kwangu Ijumaa.

"Shikamoo, bi Mwanasha."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekuanguka? Kaa, kuna mihogo."

Hakuigusa mihogo. Akaniambia mwalimu wake anayemsimamia, Madamu Kalama, amempa mpaka Jumatatu. Jumatatu kuna kikao cha kupitisha mada. "Ameniambia, Hafswa, mimi nakuamini, lakini imani siwezi kuipeleka kikaoni. Niletee kitu. Nikikosa, watanipa mada ya wachuma chai wa bara, maana huko vitabu vimejaa. Na nikiandika hiyo, ya huku ataiandika nani?"

Nikapiga mapaja. "Kanda!" nikasema. "Kanda za nyanyako! Si ulirithi wewe?"

Hakurithi yeye. Na asubuhi iliyofuata tulipokwenda kumuuliza Mwanatumu, tukaonyeshwa kisanduku kimejaa maganda matupu ya plastiki, na tukaelekezwa bondeni. Nilisimama katikati ya mpunga ule nikatega sikio. Utepe ulikuwa ukivuma. Nilisikiliza kama mwehu, labda nitapata neno. Wapi!

Basi baada ya ugomvi ule nikarudi kwangu, nikamkuta Hafswa jikoni amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, anajaribu kuurudisha utepe ndani ya ganda kwa kalamu. Jua na mvua vilishaula. Kila alipouvuta, weusi ulimbaki vidoleni na utepe ukawa mweupe kama ngozi ya kitunguu. Hakulia. Alikuwa akipangusa vidole kwenye leso, anapangusa tu.

Nikamwambia, "Mpigie huyo madamu wako."

"Nimwambie nini? Kwamba utafiti wangu umeliwa na ndege?"

"Mpigie."

Akampigia, akaweka sauti nje nisikie, na mimi ningesikia tu hata asingeweka. Madamu Kalama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Waliosikiliza hizo kanda, wako hai?"

"Wako, madamu."

"Basi maktaba yako hiyo. Warekodi. Lakini Hafswa, sitaki waje kumsifu marehemu. Nataka masomo yenyewe. Hasa nataka kujua, aliwafundisha nini ambacho shule isingewafundisha?"

Jumapili nyumba yangu ilijaa kama zamani. Niliwaita wote waliobaki. Twaiba alikuja na fimbo yake, Muhsina alikuja na mkeka kwa sababu haviamini viti vyangu. Nilipika wali wa nazi, pweza wa nazi, boga la nazi. Daktari wangu akisoma haya atanisamehe. Lakini nikasema hakuna kula kabla ya kazi. Tukakaa uani, Hafswa akaiweka simu yake juu ya kinu kilichopinduliwa, ikaanza kurekodi.

Lo, wallahi, yalitoka! Muhsina alianza somo la afya, chanjo moja baada ya nyingine, na anasema kama Kibibi, anavuta mwisho wa neno. Twaiba akatoa hesabu za mafungu. Mwingine akatoa barua ya kuomba kazi, neno kwa neno, kwa Kiingereza ambacho hata leo hajui maana yake yote. Tunakatizana, tunasahihishana, tunagombana kama redio ilikuwa nyekundu au ya fedha. Nilitazama nyuso zile nikaziona za kale, na makunyanzi yake humo humo. Nilikuwa sijui kama nimelikosa jambo lile kiasi hicho.

Hafswa akauliza, "Na kanda ya mwisho? Nyanya alipenda kuitaja kanda yake ya mwisho, nami nikidhani ni taarabu."

"Ile ya kuingia ofisini!" akasema Twaiba. "Ukiitwa kwenye usaili, ufanye nini. 'Ukifika mlangoni, gonga, kisha...' Kisha nini, Muhsina?"

"Kisha ingia."

"Ingia na nani asiyejua! Alisema jambo hapo."

Tukatafuta. Huyu alikumbuka viatu, yule akasema ni habari ya kucha. Ukweli ni kwamba siku ile Muhsina alikuwa amevaa koti la Tofiki akiigiza mkubwa wa ofisi, na sisi tulikuwa tumekufa kwa kicheko. Redio ilisema peke yake. Kila mmoja alikuwa na mwanzo, hakuna aliyekuwa na mwili wa somo. Na nikamwona Hafswa anaitazama simu yake. Hilo ndilo aliloliulizia Madamu Kalama, ambalo shule isingetufundisha, na ndilo tulilolicheka likapita.

"'Ukiingia, salimu,'" ikasema sauti. "'Kisha taja jina lako, lako na la babako. La mume wakilitaka wataliuliza.'"

Sauti ilitoka upande wa pili wa ua. Zamani ua ule ulikuwa wa makuti, sasa ni matofali, lakini si mrefu. Ukisimama utaona leso ya aliye ng'ambo. Ilikuwa leso ya Mwanatumu, tunayegawana naye ua.

"'Usikae ukingoni mwa kiti kama mtu anayetaka kukimbia. Kaa. Kiti kimewekwa ukikalie. Wakikuuliza umesoma wapi, usiwaambie nimesoma kidogo tu. Hilo neno kidogo liache nyumbani. Sema, nimesoma. Halafu nyamaza, waulize wao.'"

Hafswa alikuwa ameshaichukua simu, ameinyanyua juu ya ukuta kwa mikono miwili.

"'Na mikono yako usiifiche. Kama ina sugu za ukili, iache ionekane, ni mikono inayojua kazi.'" Akakohoa, kikohozi kikavu cha Kibibi hasa, Twaiba akajishika mdomo. "'Ee, Jumbe! Mfukuze kuku huyo, ameingia kwenye unga! Haya, tuendelee. Na wakikukataa usione haya. Rudi kwangu tuanze upya. Mimi niko nyumbani, sitoki.'"

Hapo akaishia. Hakuna aliyecheka ile ya kuku.

"Nyanya Mwanatumu," akasema Hafswa, "umeyajulia wapi?"

"Hapa hapa nilipo. Kila alasiri nilikuwa hapa na ukili wangu. Matano hakunizuia kukaa uani kwangu mwenyewe. Nyinyi huko ndani mnacheka, mimi huku sina wa kucheka naye, nifanye nini? Nilikuwa nikisikiliza. Na nikisononeka. Wifi yangu, nimeolewa na kakake, nikidhani anapita mlangoni kwangu kila siku kuja kusomesha majirani, na mimi hata hodi hanipigii. Siku moja nikamuuliza, wifi, jana alasiri ulikuwa wapi? Akaniambia, nilikuwa nyumbani, sikutoka. Ananitazama machoni! Tangu siku ile sikumwamini tena. Nimemuuguza, nimemkosha, na bado moyoni nina lile neno. Jana uliponiambia sauti ile ilikuwa ya kanda, Mwanasha, sikulala."

Nikasogea mpaka ukutani. "Mwanatumu, mwaka ule mimi nilikuwa nafuga kuku?"

"Utafuga wewe? Hata paka walikukimbia."

"Na Jumbe, mwana wa Kibibi, uliwahi kumwona akiingia hapa kwangu?"

Nikaona vidole vyake vinashika ukingo wa ukuta.

"Kuku walikuwa wake, na Jumbe alikuwa kwake. Alirekodia chumbani mwake. Hakuja hapa kusomesha hata siku moja. Alikwambia kweli, alikuwa nyumbani. Sisi tulikuficha kwa ajili ya Matano. Kibibi alisema Mwanatumu hajui kudanganya, msimtwishe." Na hapo ndipo mimi nami, mzee mzima, nikaligeukia dirisha langu la upande wa ua. "Alinilazimisha niiweke redio pale. Pale, Mwanatumu, imetazama kwako. Na sauti niifungue mpaka mwisho. Tulikuwa tukimnung'unikia kwa betri."

Ng'ambo ya ua nikaisikia leso ikipangusa uso, unajua sauti ile.

Hafswa akaizima simu taratibu. "Hii ndiyo," akasema, si kwa mtu yeyote. "Hii ndiyo nitakayoipeleka kesho."

"Wali unapoa," akasema Muhsina, ambaye tangu akiwa bi harusi njaa haikumruhusu kuhuzunika kwa muda mrefu.

"Mwanatumu," nikaita. "Zunguka uje."

"Nimevaa nguo za shamba."

"Njoo nazo."

"Nitakuja kukaa wapi, mmejaa hivyo?"

"Kiti kimewekwa."

Tukasikia malapa yake yakiburuta uchochoroni, yakasimama mbele ya mlango wangu, ambao miaka yote hiyo alikuwa haukanyagi ila kwa maiti.

"Hodi."

"Karibu, shoga yangu, karibu ndani. Nawa mikono tule. Ukoko wa sufuria nimekuwekea wewe."